Mwanzo Uliosomwa Kuwa Mwisho

Abner Anyona ni mwana wa Nyangate, aliyekuwa mzee wa kanisa maisha yake yote ya utu uzima, na mjukuu wa Ogeto, ambaye koo mbili zilipogombea mpaka wa shamba ndiye aliyeitwa kusimama kati yao. Katika nyumba hiyo, neno lilipimwa kabla ya kutamkwa. Abner mwenyewe alifundisha Kiingereza Nyamira hadi akastaafu, na wanafunzi wake walijua kwamba kitenzi cha Kiingereza kikifuatwa na kijineno kidogo, maana yake hugeuka ghafla kama nyoka aliyekanyagwa mkia.

Mkewe, Persis, alikuwa akitibiwa kifua kikuu, na mwili ulikuwa umeanza kumrudia. Kisha akaenda matanga kwa dada yake, akasahau dawa nyumbani, akakaa huko muda wa kutosha kuharibu mambo. Aliporejea, Abner alikuwa ameondoka kwenda Eldoret kumuuguza kaka yake. Zahanati ikatuma ujumbe kwenye simu ya mjukuu wao Ian, kwa kuwa Persis hakuwa na simu na alisoma Ekegusii pekee. Ujumbe ulieleza kwa Kiingereza kwamba, kwa sababu ya vidonge alivyokosa kumeza, matibabu yangepaswa “start over”.

Ian, aliyemaliza kidato cha nne na kufungua kibanda cha kutengeneza simu sokoni Mosocho, aliusoma akiwa amesimama mlangoni kwa bibi yake, akamwambia:

“Magokoro, umepona. Wanasema ni over.”

“Over ndiyo nini, mjukuu wangu?”

“Ni kwisha. Si umeona mchezo wa simu ukiisha? Game over. Ulistart, sasa imekuwa over.”

“Na mbona bado nakohoa?”

“Hiyo ni moshi ya jiko lako.”

Persis akacheka, akamshukuru Mungu, akavifungia vidonge kabatini. Muuguzi alipopiga simu kumuulizia, Ian aliona namba asiyoijua, akaikata. Alipopiga tena, akaikata tena.

Abner aliporudi alimkuta mkewe ameegemea ukuta, nguo zikimning’inia kama zilizoanikwa. Aliuliza habari za dawa, akaambiwa zilikwisha. Aliuliza nani kasema, akaambiwa ni Ian, kisha akaitaka simu yake. Alipousoma ujumbe ule, aliketi.

“Set off ni kushika safari,” alimwambia Ian, bila kupaza sauti. “Take up ni kuanza jambo ukalifanya desturi. Set in ni mvua au ugonjwa kuingia na kukataa kutoka. Na start over ni kurudi mwanzo kabisa. Walimwita aanze upya. Wewe ukamwambia amemaliza.”

“Sokoro, nilifikiri...”

“Hukufikiri. Ulikisia, kwa kuwa uliona haya kuuliza.”

Hospitalini Kisii, daktari aliwaeleza kwamba mapafu yote mawili yalikuwa yameliwa, na kwamba ugonjwa haukuogopa tena dawa za awali. Ugonjwa, alisema, ulikuwa “set in”. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Persis hakumlaumu mtu. Alimwomba Ian amsomee zaburi kwa Ekegusii, naye kijana akasoma polepole, kila neno kwa zamu yake, akirudia pale ulimi ulipoteleza. Hakufika mwisho wa zaburi. Mkono alioushika ulikuwa umeshapoa.

Siku ya maziko Abner alisimama kando ya kaburi, kofia mkononi, na hakumtaja mjukuu wake kwa jina.

“Nyinyi vijana mnaowasomea wazee ujumbe wa daktari na wa korti, nisikilizeni. Neno usilolijua, sema hulijui. Bisha mlango wa mwalimu yeyote, awe wa Nyanchwa au wa Masimba, uulize. Hakuna aliyekufa kwa kuuliza. Usimpe mgonjwa maana uliyoiokota njiani. Hili siwaombi. Nawaamuru mlishike.”