Neno Alilokatazwa Epiphanie

Choku, choku, choku. Kabla hakujapambazuka nilisikia kibuyu cha maziwa kikitikiswa nyuma ya ukuta wa matete, nikajua Epiphanie, mjane wa mwanangu, ameamka tena kabla yangu ili mikono yangu ipumzike. Hakuna aliyemtuma. Kwao Ntoto, kule msituni, hawafugi ng'ombe. Kazi ya siagi alijifunzia kwangu, hapa Nyamitaba.

Mwanangu Mbonigaba alikuwa amemwoa na kwenda naye Uganda kutafuta kazi. Huko Epiphanie alifua nguo kwa mwalimu mmoja mzungu, akakijua Kiingereza. Mwaka wa 1953 alirudi bila mume, akiwa na binti yao Colette mgongoni.

Karibu kila nyumba ya kilima chetu ilikuwa na mtu Uganda, kwa hiyo watoto walimzunguka. Shuleni walifundishwa Kifaransa. Kiingereza walikifuata uani kwetu, mchana, maharagwe yakishaanikwa. Epiphanie alipenda kuwafundisha maneno yanayosikika sawa.

"San," alisema akionyesha jua. Kisha akamgusa Benoît, mtoto wa jirani, kichwani. "San."

Jua, na mtoto wa kiume. Akayaandika kwa mkaa juu ya ubao, sun na son, waone kwamba hayafanani.

"Benoît, wewe njo jua?" mwenzake akamchokoza. "Basi kausha maharagi ya mama!"

"Nitaanza na pua yako, kila siku iko mbichi!"

"Mukisikia neno, musikilize na maneno ya pembeni yake," Epiphanie aliwaambia. "Hayo njo yatawaambia ni lipi."

Masikio yake yalikuwa yamezoea kazi hiyo. Kwetu, mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe, wala neno lolote linalofanana nalo. Mume wangu anaitwa Kanyamibwa, kwa hiyo Epiphanie hakusema mbwa. Alisema mlinzi wa uani. Kwao hawana desturi hiyo, lakini tangu aingie kwetu hakukosea hata mara moja. Mzee alimpenda kwa hilo. Watoto walipokuwa wakisoma alihamishia kiti chake juani, wao wapate kivuli.

Mdogo wa marehemu, Isidore, alitaka kumrithi. Epiphanie alikataa kwa upole: "Shemeji, uniache nilee mutoto." Mzee akasema asilazimishwe, maadamu anaiheshimu nyumba, atakaa na mtoto wake. Isidore hakusahau.

Jumapili moja baada ya misa, mzee na Isidore walikuwa wakinywa pombe ya ndizi na wageni mbele ya nyumba. Epiphanie alikuwa chini kidogo na watoto, wao wameligeuzia mgongo shamba la mtama. Humo akatoka mbwa, anayumba, povu linamtoka mdomoni.

"Dog!" Epiphanie akasema.

"Dog!" watoto wakaitikia, kama walivyozoea.

"Dog! Dog!"

"Dog! Dog!" Wakacheka, wakaongeza sauti. Colette ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mtama.

Hapo Epiphanie akapasua koo: "Mbwa! Mukimbie, mbwa!"

Wakatawanyika. Yeye akamrushia mnyama ule ubao, wanaume wakaja na mikuki wakammaliza. Hakuna mtoto aliyeumwa. Nilikuwa bado nampapasa Colette miguu niliposikia Isidore akisema:

"Papa, umesikia? Mbele ya wageni."

"Isidore, mutoto wa kaka yako iko muzima," nikamwambia.

"Mama, mimi sisemi mambo ya mutoto. Ninasema heshima."

Mgeni mmoja akacheka ndani ya kibuyu chake. "Kumbe muzee, jina lako linakimbiza watoto hivi!"

Wengine wakacheka. Nilimwangalia mume wangu. Neno lenyewe angelimeza; kicheko hakikushuka.

Kosa kama hilo husafishwa kwa mtungi wa pombe. Niliona likisafishwa hivyo tangu nilipoolewa, na jioni ile nilikwisha kuchagua ndizi. Lakini Isidore alisema mtungi huletwa na mume, na huyu hana mume. Aingie kwake kama mke, naye ataleta mitungi miwili. Au arudi kwao, na Colette, mtoto wa nyumba, abaki nyumbani.

"Achague," mzee akasema.

"Papa," Epiphanie akamwambia, "nisingelisema, leo mungelikuwa munazika."

"Ninajua."

"Basi?"

Mzee akainama, akaanza kufunga upya kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri.

Epiphanie alipoondoka kwenda kwao, mzee alimpa blanketi lake mwenyewe, la sufu. Ni blanketi zuri. Sikumshukuru.

Kiangazi kilipofika nilimwomba mzee nimpeleke mtoto Ntoto. "Mara moja tu," akajibu. Tulilala njiani kwa watu wasiotujua, wakatupatia ndizi na maji ya moto ya kunawa miguu. Colette wakati huo alishaanza kuniita mimi Mama. Tulipofika alijificha ndani ya kitenge changu.

Epiphanie hakumvuta. Alitoa miiba kwenye samaki kwa vidole, akaweka mnofu juu ya jani, mbali kidogo na yeye mwenyewe, akaangalia pembeni. Kufikia jioni mtoto alikuwa amekaa upande wa pili wa jani. Hakufika mapajani.

"Hapa unafundisha watoto?" nikamwuliza.

"Wafundishwe nini, Mama? Hapa hakuna mwenye kwenda Uganda."

Asubuhi alitusindikiza hadi kwenye kijito. Akaniuliza mzee alisema nini juu ya safari hii, nikamwambia. Akamfunga Colette kitambaa cha kichwa, taratibu sana, na mtoto akamwacha amfunge.

"Mama, usiwaambie nimelia. Uwaambie nimewasalimia wote, na Isidore pia. Halafu mukuje tena kuniona. Hata kama Colette hataki kuniita Mama, mukuje."