Jina Ambalo Mashine Haikuliona

Kokwijuka alikuwa anatandika karatasi kuukuu ndani ya kikapu, ili maharage yasidondoke kwenye matundu, alipokutana na jina la mtoto ambaye kesho yake angesomewa misa ya wafu.

Hakuamini. Aliweka debe la maharage chini, akafuta mikono kwenye khanga, akaipeleka karatasi mlangoni penye mwanga. Akasoma kama alivyofundishwa, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Anonciata. Miaka tisa. Baba: Harerimana. Kovu la moto, kiwiko cha kushoto. Yuko kituo cha watoto. Anasema ana bibi Tanzania, Nyirabahire.

"Mawe!" alisema peke yake kwa kilugha, kama anayemwita mama yake, akakaa kizingitini.

Maharage yale yalikuwa mchango wake wa matanga. Na matanga yenyewe, kama tutasema kweli, yalitoka kinywani mwake. Ni yeye aliyemwambia bibi Nyirabahire, miezi miwili nyuma, kwamba mtoto akishatafutwa mara tatu na asionekane, kumwombea ni kumpa heshima yake. "Mfanyie misa, mama, na wewe upumzike." Alisema kwa huruma. Alimwona mwanamke wa miaka sabini akitembea kutoka Songambele hadi Kaisho, asubuhi nzima kwa miguu, kuja kuambiwa neno lile lile, akaona bora amwokoe na njia. Leo huruma ile ilimgeukia.

Ofisi aliyokuwa akifagia ilikuwa chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya maduka ya Kaisho, na kazi yake ilikuwa kuwatafuta waliopotezana na ndugu zao katika vita vya nchi jirani, ng'ambo ya mto. Kokwijuka alifungua mlango, alifagia, alichemsha chai, na wazee wasiojua Kiswahili aliwatafsiria. Karani alikuwa Melkiory, kijana mpole wa miaka ishirini na sita aliyesomea kompyuta Mwanza na aliyeipenda mashine yake kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Aliifunika kitambaa kila jioni. Chai haikuruhusiwa kuisogelea.

Na mashine ilikuwa imejipatia jina, hilo tusiibanie. Mwaka uliopita, Melkiory alipochapa orodha ya kwanza kwa mikono yake mwenyewe, mtu alitaja jina la nduguye, karani akaliandika kwenye kidirisha cha kutafutia, na kabla mzee hajakaa vizuri kwenye benchi jibu lilikuwa limefika. Watu kumi na saba walipatikana hivyo. Kina mama walipiga vigelegele uani mpaka wenye maduka wakaja kuchungulia. Kisha mwezi wa pili ikaja orodha mpya kutoka makao makuu, kurasa mia mbili na kumi na nne, faili la PDF ndani ya disketi, limepangwa kwa herufi za kupendeza zenye mikia myembamba. Tangu siku hiyo mashine haikumwona hata mtu mmoja. Ofisini walilieleza jambo hilo kwa masikitiko: wa kupatikana wameshapatikana, waliobaki ndio hao Mungu amewachukua. Watu thelathini na wanane waliambiwa hayumo, wakashukuru, wakaenda zao.

Karatasi za kikapu zilitoka huko huko ofisini. Melkiory alichapisha kurasa chache kujaribu wino, akazitupa kwenye boksi, na Kokwijuka akaomba azichukue. Hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake bila kusomwa, hata maganda ya sabuni. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, mtoto wa nne mgongoni, kwenye kisomo cha jioni cha mwalimu Kahigi, na marehemu mumewe alizoea kumtania kwamba ameolewa na kalamu. Kila aliposoma neno jipya mpaka mwisho alimwombea mwalimu Kahigi maisha marefu. Siku hii alimwombea mara mbili, kisha akajifunga khanga na kuondoka mbio.

Ilikuwa saa kumi na moja, Ijumaa. Kahawa zilikuwa zimeanikwa mbele ya kila nyumba, na watu waliokuwa wakizigeuza walimsalimu bila kujibiwa, jambo ambalo kwa Kokwijuka halijawahi kutokea. Alimkuta Melkiory anafunga kufuli.

"Shikamoo mama. Umesahau nini?"

"Marahaba. Fungua."

"Nimeshazima jenereta, mama."

"Utaliwasha. Fungua, mwanangu, kabla sijaanguka hapa."

Alimpa karatasi. Melkiory alisoma, akakunja uso. "Hili ni jina tu limefanana. Nimemtafuta huyu mtoto mara tatu. Mashine imesema hayumo."

"Na karatasi hii imetoka wapi?"

Akaigeuza. "Imetoka kwenye mashine."

"Hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

"Basi mmoja wao anadanganya," alisema Kokwijuka, "na mimi karatasi nimeishika mkononi."

Jenereta likakohoa, likashika. Melkiory aliondoa kitambaa, akalifungua faili, akaandika Anonciata taratibu, herufi kwa herufi, huku Kokwijuka akihakiki kwa sauti nyuma yake. Akabonyeza. Hakuna. Akaandika Nyirabahire. Hakuna. Alitazama namba chini ya ile karatasi, mia na thelathini na moja, akashuka ukurasa kwa ukurasa. Na hapo, katikati ya kioo, mtoto alikuwepo: jina, umri, kovu na bibi yake.

"Huyo," alisema Kokwijuka.

"Namwona, mama."

"Wewe unamwona. Mimi namwona. Na mashine je?"

Melkiory alilichagua lile jina, akalinakili, akalibandika kwenye ukurasa mtupu. Halikutokea Anonciata. Vilitokea vijisanduku vitatu, alama ya kuuliza, koma na takataka nyingine ambazo hata shetani asingezitamka. Akajaribu jina lingine, na lingine. Yote yalikuwa hivyo hivyo, kurasa zote mia mbili na kumi na nne. Akaegemea kiti, mikono kichwani.

"Ni hizi herufi," alisema mwishowe. "Aliyepanga orodha alitumia herufi za kwake, za urembo. Zimechorwa kwa ajili ya macho tu. Sisi tunaona A, lakini ndani ya faili haikuandikwa A, imeandikwa alama nyingine kabisa. Mimi naandika Anonciata, mashine inatafuta Anonciata, na humo ndani hakuna neno kama hilo. Haikudanganya, mama. Niliiuliza kitu ambacho haikuwa nacho." Akashusha mikono. "Thelathini na wanane. Niliwajibu kwa mdomo huu, na kulikuwa na kurasa za kusoma."

Kokwijuka alitaka kumkaripia, akakuta hana karipio. Yeye mwenyewe ndiye aliyetafsiri majibu yote thelathini na nane. "Utalia Jumapili," alimwambia. "Kesho saa tatu wanaanza misa. Pikipiki ina mafuta?"

Asubuhi ya Jumamosi Kokwijuka, ambaye hajawahi kupanda kitu chenye injini zaidi ya lori la ushirika, alikaa nyuma ya karani wake amefumba macho kutoka Kaisho hadi Songambele, akisali kwa sauti. Melkiory alisema baadaye kwamba alisikia zaburi nne nzima na nusu ya tano.

Walimkuta padri ameshavaa stola ya zambarau, ile skafu ya kipadri ya misa ya wafu, amesimama mbele ya meza iliyotandikwa shuka jeupe, kwenye kibanja cha Anastazi, mpwa wa bibi. Watu walikuwa wamekaa chini ya migomba, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na sufuria za ndizi zilikuwa jikoni. Nyirabahire alikuwa kwenye mkeka mbele kabisa, kichwa kimenyolewa upya kwa msiba. Kukiona kile kichwa kulimwondolea Kokwijuka maneno yote aliyokuwa ameyapanga njiani.

Alipiga magoti kwenye mkeka. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na karani wako. Mungu awabariki, mmetujali."

"Mama, sikiliza. Nilikukosea. Nilikuambia hayumo, na yumo. Anonciata yumo kwenye orodha. Yuko kituo cha watoto ng'ambo ya mto, ana miaka tisa, na amewaambia ana bibi Tanzania."

Anastazi alisimama, mtu mrefu, amekasirika waziwazi. "Mara tatu mmesema hayupo. Mmemnyoa shangazi yangu kichwa, leo mnasema yupo? Kesho mtasema nini?"

"Kosa ni langu," alisema Melkiory. "Niliamini mashine, sikufungua kurasa. Nilaumu mimi, si mama."

"Kovu," alisema Nyirabahire. Hakuwa amesikia ugomvi wala chochote kingine. "Wameandika kovu?"

"Kiwiko cha kushoto. La moto."

Bibi akafunga macho. "Uji," alisema. "Alivuta sufuria ya uji, hapa hapa, walipokuja kunisalimia. Alikuwa na miaka miwili. Nilimpaka asali mwenyewe." Akanyoosha mkono. "Nionyeshe."

"Mama, hujui kusoma," alisema Anastazi, kwa upole sasa.

"Sijasema nisomewe. Nimesema nionyeshwe."

Kokwijuka alifungua karatasi, akakishika kidole cha yule mwanamke, kigumu kwa miaka ya jembe, akakiweka chini ya jina. Akakisogeza pole pole kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Nyirabahire alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema asante. Alimwambia Kokwijuka, akamwambia Melkiory aliyekuwa anajificha nyuma ya pikipiki, akamwambia aliyetengeneza karatasi popote alipo, akamwambia Mungu, na alipowamaliza wote akaanza upya na Kokwijuka. Hapakuwa na lawama ndani yake hata kidogo. Kokwijuka alikuwa amejiandaa kwa lawama, kwa hiyo asante zile zilimshinda, akalia mbele ya watu mpaka khanga ikalowa.

Padri, ambaye alikuwa amesimama na kitabu wazi muda wote huo, alikifunga. Akavua stola ya zambarau, akaikunja, akapekua mkoba wake wa safari mpaka akapata nyeupe, ya furaha. "Chakula kimeshaiva," alisema, "na Mungu tumeshamwita. Tutamshukuru."

Ndizi zililiwa. Rubisi, pombe ya ndizi iliyoletwa kwa ajili ya msiba, ilinywewa kwa furaha, na ikatosha. Kokwijuka, Mlutheri wa kuzaliwa, aliimba nyimbo za Kikatoliki asizozijua na hakuna aliyemkataza. Anastazi aliwasindikiza hadi barabarani akisukuma pikipiki yeye mwenyewe, ndiyo ikawa namna yake ya kuomba radhi.

Jumatatu Melkiory aliandikia makao makuu barua kali kuliko tabia yake, akitaka orodha irudiwe kwa herufi za kawaida. Majibu yangechukua wiki, pengine miezi. Akachapisha kurasa zote mia mbili na kumi na nne, wino ukaisha, akaazima mwingine misheni. Habari ilikuwa imeshatembea. Kufikia saa nne asubuhi ya Jumanne uani palijaa watu kutoka Songambele, kutoka Kituntu, kutoka vijiji ambavyo Kokwijuka alivijua kwa majina tu. Wengi walikuwa wale thelathini na wanane. Nyirabahire naye alikuwepo. Mjukuu wake alikuwa ameshapatikana, barua yake ya kumwita imeshapelekwa, hakuwa na shida yoyote pale, lakini alitembea kuja na kukaa mwisho wa benchi, kitambaa kichwani, anawasubiria wenzake.

Jenereta halikuwashwa. Kokwijuka alitoa kiti barazani, akaweka rundo la karatasi mapajani na rula chini ya mstari wa kwanza. Alisoma jina, umri, jina la baba, alama ya mwilini. Akateremsha rula. Akasoma tena. Hakuruka hata mmoja, na hakuharakisha, maana hakujua kuharakisha. Watu walisikiliza wameinamisha vichwa. Ukurasa wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Melkiory alimletea chai, akaishika mwenyewe ili isimwagike.

Katikati ya ukurasa wa nne, nyuma kabisa karibu na ukuta, mwanamume mmoja aliyekuja na kofia mkononi alisimama.

"Mama," alisema. "Samahani. Hilo jina. Rudia."

Kokwijuka akapandisha rula mstari mmoja, na uwanja mzima ukageuka kumtazama yule mwanamume.