Koki Iliyoachwa Wazi

Verna alirudi barabarani na trela kuukuu, sanduku la spana na chuki aliyoilea miaka mitatu. Wanaosema muda hutibu kila jeraha waseme yao. Lake lilikuwa bichi. Alipokuwa amelazwa hospitali mjini Yuma na mguu uliovunjika, mumewe Delbert aliondoka na gari-nyumba waliloishi, akamkalisha hawara yake Charlene kiti cha mbele. Verna alitoka hospitali kwa magongo akakuta uwanja mtupu na alama za matairi. Alilala kwenye sofa ya dada yake mjini Tulsa, akajifunza ufundi wa nyumba za magurudumu, kisha akarudi jangwani Arizona kufanya kazi kambi kwa kambi.

Asubuhi moja ya Januari, Hollis, msimamizi wa kambi moja karibu na milima, alimpigia simu.

"Fundi, fanya hima. Kuna jamaa choo chake kimeziba, majirani washaanza kuhamisha viti."

Jamaa mwenyewe alikuwa Delbert.

"Verna? Wewe ndiye fundi?"

"Ulimtarajia nani, malaika? Hebu nipishe."

Akaingia chini ya gari kwa mgongo. Koki ya tangi la choo ilikuwa wazi, bomba limeungwa shimoni. Hilo ndilo kosa la mtu asiyeyajua maisha haya: maji yote hukimbilia shimoni, na kile kisicho maji hubaki, kikarundikana na kuwa kigumu kama udongo wa tanuri. Koki hufungwa hadi tangi lijae. Kwa miaka kumi na mitano kazi hiyo ilikuwa ya Verna, na Delbert hakuwahi hata kuuliza. Verna alicheka peke yake kule chini.

Alipotoka, akafuta mikono na kuuliza lile lililomnyima usingizi.

"Picha za mama yangu ziko wapi?"

Delbert akakuna shingo. "Charlene alikuwa anapunguza mizigo. Si unajua nafasi ilivyo finyu humu."

"Mlizitupa."

"Ah, Verna, yashapita hayo. Tangi je, linatengenezeka?"

Garini mwake Verna alikuwa na mpira wa maji ya kasi ambao ungeyamaliza yote kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa karibu kuutoa. Sasa akaubana mdomo, maana alitaka jambo moja tu: Delbert naye arudi akute hana pake.

"Dawa ipo. Funga koki, jaza maji nusu tangi, mimina barafu mifuko minne, uendeshe gari kwenye njia ya mawe mpaka jioni. Tangi litajisugua lenyewe."

"Nitoke na gari? Nafasi yangu je?"

"Sheria ya hapa unaijua."

Aliijua. Kambi ilikuwa imejaa pomoni, na anayetoka na nyumba yake kaipoteza nafasi, hata akiacha zulia na viti. Ndiyo maana watu hawakuthubutu kutoka.

"Hollis ni rafiki yangu," Delbert alisema. "Nitaacha viti."

"Mimi sipandi humo na uvundo huo," alisema Charlene, na akabaki kwenye kimojawapo.

Gari halijafika lami, Verna alikwisha kurudisha trela lake kinyumenyume mpaka mahali pale. Hollis aliandika jina lake bila kuuliza neno.

Jua lilikuwa linazama Delbert aliporudi, tangi limeshajisugua, uso umejaa vumbi. Akapiga honi. Verna alitoka na kikombe cha kahawa.

"Hapa ni kwangu, Verna!"

"Palikuwa kwako. Si uliondoka na nyumba?"

"Hollis! Mwambie huyu!"

"Sheria ni sheria, bwana," Hollis akajibu.

"Sasa mimi niende wapi saa hizi?"

Moyo wa Verna ulijaa raha, wala hakuona haya. Akamnyooshea kidole Charlene, aliyekuwa akijikunyata kwa baridi kando ya zulia.

"Viti vyako hivi, na mkeo huyu. Wewe hukuniachia hata kiti."