Mipaka Mgongoni kwa Mwanvita

Jumatatu asubuhi, kule Matombo, Mwanvita aliinama uani anafua nepi, na dada yake Rehema akamwambia chunjua za mgongoni zimeshafika kiunoni.

Zilikuwa bapa, nyingi, haziwashi. Mwanvita mwenyewe alikuwa mzima, analima, anakula. Alichoogopa ni ukoma. Bibi yao aliupata, akajengewa kibanda peke yake, akafa hajabeba mjukuu. Mwanvita alikuwa na mtoto wa miezi minne, na kwa wiki tatu alimnyonyesha tu na kumrudisha haraka kwa Rehema.

Rehema akasogea, akazifuata chunjua kwa kidole. "Hapa mto. Hapa masale ya mpaka aliyopanda mama. Hili shamba letu."

"Mimi nauliza ukoma."

"Ukoma gani unachora mipaka?"

Habari zikaenea, na mchana ikaja kamati ya ardhi ya kijiji. Mzee Tomasi, mwenyekiti, aliomba radhi, akavaa miwani, akausoma mgongo. Mashamba ya kijiji kizima yalikuwepo. La mama yao lilifika hadi mtoni, pale ambapo mjomba Kondo aliazima apande maharage, akapanda mdalasini. Kwao mwenye kuazima hapandi miti, maana mwenye miti hang'oki.

"Ramani haina kosa," alisema mjomba Kondo. "Ila miti nimepanda mimi."

Kamati ikaandika yote mawili, ikaenda kula.

Kesho yake Mwanvita akashuka Morogoro mjini. Daktari alimpitishia pamba mgongoni.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa, ng'ambo ya mto?"

"Nasikia, daktari."

"Basi si ukoma, ukoma unatia ganzi. Ni chunjua za virusi, ila zako zimetapakaa kuliko kawaida. Zinaweza kukaa miaka. Nenda kanyonyeshe."

Mwanvita alirudi jioni, akamchukua mtoto, akamnusa kichwani, na safari hii hakumrudisha. Akapita naye shambani. Mjomba Kondo alikuwa anabandua magome ya mdalasini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Wamesemaje?"

"Si ukoma."

"Alhamdulillah." Akaweka kisu chini, akafuta macho, hata yeye siku hizo alikuwa halali usingizi. Kisha akasema, "Hebu geuka, nitazame kama huu mti wa mwisho uko kwenu."

Mwanvita akashusha kanga begani, akageuka, mtoto ananyonya.

"Uko kwenu," alisema mjomba Kondo, akaokota kisu, akaanza kuubandua.