Vidoti vya Rangi ya Kucha

Mwaka 1999 Mzee Gosbert alinipa kazi rahisi: kuingiza CD zake zote kwenye kompyuta, mia mbili na kitu, ili siku zikikwaruzika nyimbo zibaki. Kompyuta aliletewa na mdogo wake kutoka Dubai, na pale mtaani Mkuyuni wa kuiwasha nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili. Nyumbani walijua niko likizo, na likizo yenyewe ilikuwa imetimiza miezi saba.

"Mlimani," ndivyo alivyoniita, kwa jina la chuo changu, "usipange kwa majina ya wanamuziki. Panga kwa shughuli. Bibi harusi kuingia, keki, chakula, kucheza, msiba. Atakayeirithi hii kazi asihangaike kutafuta."

"Mzee, kompyuta inatafuta yenyewe."

"Inatafuta kwa macho ya nani?"

Nilicheka. Nilidhani ni misemo yao ya kule Bukoba.

CD zake hazikuwa na majina. Hilo lilikuwa la kawaida. Ma-DJ wa Mwanza wakati ule walichana karatasi za kwenye makava na kukwangua maandishi, ili mwenzako akichungulia asijue ni wimbo gani umewainua watu vitini. Ila Gosbert alizidisha. Juu ya kila kava aliweka vidoti vya rangi ya kucha ya mkewe, Kokugonza. Kimoja, bibi harusi kuingia. Viwili, keki. Vitatu, chakula. Vinne, kucheza. Kimoja pembeni kabisa, msiba. Vilikuwa vinene, vimekauka kama punje za mtama.

"Wenzangu wanaficha majina," alisema akijisifu. "Mimi hata nilichoandika hawajui kukisoma."

Mimi Msukuma, nikaona Mhaya huyu anahitaji kupunguzwa kidogo.

Alhamisi alikwenda kliniki. Alituambia ni presha. Nikabaki na wembe na kichupa cha rangi, na kazi ya kompyuta nilikuwa sijaigusa hata robo. Nikachukua makava arobaini hivi, nikakwangua vidoti, nikaweka vingine. Lenye kimoja nikaliwekea vinne, lenye vinne kimoja, na kidoti cha pembeni nikakileta katikati. Ndani mna wimbo gani sikujua wala sikuangalia. Nilichotaka ni kwamba Jumamosi bibi harusi aingie na muziki wa keki, mzee atukane Kihaya, tucheke, halafu nimwambie ni mimi.

Jumamosi saa nane mchana tulikuwa kwenye ukumbi mmoja Ilemela. Bibi harusi, Rebeka, alisimama mlangoni ameshikwa mkono na baba yake, Mzee Shimba, mtu wa kutembea na fimbo. Ukumbi ukanyamaza. Gosbert akaweka CD, akabonyeza. Likatoka gitaa la kucheza, lile la kutoa watu jasho.

MC alikuwa Chenge. Akadaka kipaza sauti: "DJ, bibi harusi ana miguu miwili tu, mpunguzie."

Watu wakavunjika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote, nimejificha nyuma ya spika.

Gosbert akazima, akaweka nyingine. Ikatoka kwaya ya msiba. Waliimba bila ala yoyote, kuhusu kurudi udongoni. Kicheko kikakatika. Mama mmoja meza ya mbele akajifunika uso kwa kitenge. Baadaye niliambiwa ni mama mdogo wa Rebeka, na kwamba dada yake, mama yake Rebeka, walikuwa wamemzika mwezi wa nne. Rebeka mwenyewe alishusha maua, hakuingia. Chenge akateremsha kipaza sauti.

Ndipo nikamwangalia mzee. Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani. Kidole cha shahada kilikuwa kinatembea juu ya makava, kinagusa, kinasimama, kinarudi nyuma. Akachukua moja, akalileta karibu na pua, akalishusha. Akaniita kwa sauti ya chini.

"Mlimani. Hii ina vidoti vingapi?"

"Kimoja, mzee."

"Hata mimi nahesabu kimoja."

 Nikarudi nyuma ya spika. Wanawake wa upande wa bibi harusi waliinuka wakaanza kuimba wenyewe, wakampigia vigelegele mtoto wao mpaka akaingia. Gosbert alizima mashine, akakaa, mikono juu ya magoti.

Jumatatu nilikwenda kwake nikiwa nimejipa moyo kwamba yamekwisha. Nilimkuta barazani na Ngosha, DJ wa mjini kati, mtu aliyegombania naye harusi kwa miaka kumi. Ngosha alikuwa anakagua spika azinunue.

"Na CD nazo, mzee?"

"Chukua zote. Daktari aliniambia mwaka juzi macho yanakwisha. Nikasema sawa, vidole vipo. Sasa vidole navyo vinanidanganya."

"Ulichoka tu," Kokugonza alisema kutoka mlangoni.

"Koku, nimeliza watu kwenye harusi yao."

Hakuna aliyenishuku. Hata kuniangalia hakuna aliyeniangalia. Ningeweza kusema shikamoo, nikanywa chai, nikaondoka. Ngosha alishainua sanduku la kwanza.

"Mzee," nikasema, "vidole havijakudanganya. Vidoti nilihamisha mimi."

Ngosha akarudisha sanduku chini polepole.

"Umefanya nini?" Kokugonza akauliza, na ikabidi niseme tena, mara hii kwa sauti, mchana kweupe, jirani akiwa anaanika nguo.

"Kwa nini?"

"Nilitaka tucheke, mama. Sikujua kama haoni."

"Na kama angekuwa anaona, ndiyo ingekuwa sawa?"

Ngosha aliangalia pembeni. Mshindani wake, na hata yeye aliona aibu kunitazama. Gosbert akageuza uso kuelekea sauti yangu. Kisha akauliza ngapi.

"Arobaini hivi."

"Zipi?"

"Sikumbuki."

Neno hilo lilinichoma kuliko mengine yote. Hata ubaya wangu sikuufanya kwa mpango.

"Ngosha, samahani kwa usumbufu," Gosbert alisema. "Siuzi."

Ngosha akaaga kwa heshima, akaenda. Kokugonza akaleta wembe, kichupa cha rangi na redio ya CD. Tulianza na ya kwanza kabisa, kwa sababu hakukuwa na namna ya kujua zipi ni nzima. Mzee alisikiliza kidogo tu, hata mwimbaji hajaanza. "Keki," akasema. Nikakwangua, nikaweka viwili, nikapuliza vikauke. Iliyofuata. "Msiba." Nikaweka kimoja pembeni.

Nilinyoosha mkono nimpe. Hakunyoosha wake.

"Mpe Koku ahesabu kwanza," alisema.

Nikampa Kokugonza. Akahesabu, akampa mumewe. Tulifanya hivyo siku tatu, mia mbili na kumi na tatu, na hakuna hata moja aliyoipokea kutoka mkononi mwangu.