Aliyesimama Mvuani

Kila aliyesoma kile kitabu alimjua shujaa wake: mrefu, macho ya huzuni, maneno ya kuhesabu. Kwa hiyo siku fundi wa mifereji ya paa alipoingia sebuleni kwa Mwenyekiti wa chama cha wasomaji, mfupi, kitambi kimetangulia, akiongozana na mkewe aliyekiandika kutokana na kisa chao wenyewe, akina mama walimtazama kama mzigo ulioletwa nyumba isiyo yake.

"Karibu, shemeji," alisema Mwenyekiti, huku akichungulia nyuma yake kuona kama kuna mwingine anayekuja.

Maskini fundi! Tangu kitabu kitoke, alikuwa anaishi na mke mwenza wa kiume, mtu wa karatasi asiyekoroma wala kuacha soksi mezani. Shujaa alikuwa kimya kwa jeraha la moyo. Fundi, siku zile akifunga mifereji kwa baba mkwe wake wa baadaye, alikuwa kimya kwa sababu alibana misumari mdomoni. Binti wa nyumba alimuuliza jina, naye akatikisa kichwa tu. Basi binti akaona kina kirefu.

Halafu ile sura ya mvua, ambayo wasichana huikariri. Shujaa amelowa chapachapa, macho juu kwenye dirisha la mpenzi wake, hatikisiki mpaka mlango ufunguliwe. Sura ile imefungisha ndoa nyingi, na vijana wengi imewapa mafua.

Ukweli ni kwamba fundi anayejiheshimu hurudi mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, asimame chini aikague kazi yake, maana mfereji haupimwi na jua. Kona ya mfereji juu ya lile dirisha ilikuwa inavuja. Mapenzi yalimpata baadaye kidogo, binti alipotoka akamshikia ngazi, maji yakimtiririka usoni, bila kulalamika. Kitabuni ngazi haimo. Hakuwahi kumwambia mkewe alichokuwa anatazama kabla ya ngazi, na mkewe hakuwahi kuuliza. Lakini swali lilimkereketa: je, huyu mwanamke alimpenda yeye, au yule wa dirishani?

Chai ilipokwisha kumiminwa, Mwenyekiti alishika kifua. "Shemeji, tuambie. Ulivyosimama pale mvuani, moyo wako ulikuwa unasema nini?"

Fundi alimtazama mkewe, na mkewe akatazama kikombe. Angeweza kudanganya, akawa mtumishi wa yule bwana wa karatasi maisha yake yote. Liwalo na liwe.

"Nilikuwa naangalia mfereji," alisema. "Kona ilikuwa inavuja."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mtu mmoja aliweka kijiko chini taratibu. Kisha Mwenyekiti akafuta machozi.

"Mnamsikia? Hata leo anaona haya kusema ya moyoni!"

Wakapiga makofi. Fundi alikana, akaapa, akaeleza hadi mteremko wa bomba, na kila alivyoeleza ndivyo walivyozidi kulia. Mkewe peke yake hakulia wala hakupiga makofi. Fundi aliona amejivunjia nyumba kwa mdomo wake mwenyewe, akaomba ruhusa, akatoka nje.

Mvua ilikuwa imeanza. Alikusudia kwenda zake, lakini mazoea yana taabu: shingo ilijiinua yenyewe kutazama paa la Mwenyekiti. Akasimama, maji yakimwingia kolani.

"Njooni muone!" sauti ilipazwa dirishani. "Anamtazama!"

Mlango ukafunguka. Mkewe alitoka bila mwavuli, akasimama ubavuni pake. Hakumtazama usoni. Naye aliinua shingo.

"Ni ile kona ya kushoto?"

"Ile ile."

"Kama ya kwetu siku ile."

Fundi akageuka. "Kumbe ulijua?"

"Baba watoto, mwanamume anayetazama dirisha la mpenzi wake hasonyi. Wewe ulisonya mpaka nikakusikia ndani. Nikasema, mtu anayerudi mvuani kwa kona ya watu, huyo simwachi."

"Sasa mbona uliandika dirisha?"

"Nani angenunua kitabu cha mfereji?"

Furaha ilimziba fundi mdomo, na safari hii humo hamkuwa na msumari hata mmoja. Nyuma ya kioo akina mama walikuwa wanapeana vitambaa. Mkewe alikunja mikono ya gauni.

"Waulize ngazi iko wapi," alisema. "Nitakushikia."