Kibao cha Garimoshi

Reli ilipofungwa, kila mtu alijichukulia chake. Mataruma, zile mbao za chini ya reli, yakageuzwa kuni na vizingiti vya milango, kengele ya stesheni ikahamia shuleni, na saa ya ukutani haijulikani iliishia kwa nani. Kilichobaki ni kile ambacho hakuna aliyeweza kukibeba: garimoshi kuukuu, jeusi, lililokaa karakanani likiota kutu kwa miaka ishirini na miwili. Wafanyakazi walikuwa wakiliita Bimkubwa. Jina hilo lilitoka kwa wake zao, kwa sababu mwanamume aliyeajiriwa pale alimhudumia Bimkubwa kwanza, ndipo akumbuke kwake.

Aliyemhudumia kuliko wote alikuwa Fundi Spana. Kazi yake ilikuwa boila, na boila ndiyo tumbo la garimoshi. Likiugua, hakuna safari. Sasa alikuwa na miaka sabini na miwili, mgane, akiishi na binti yake wa pekee katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya stesheni. Magoti yalishaanza kumgomea, lakini mikono bado ilikuwa inamtii.

Binti huyo alikuwa afisa utalii wa mji. Jioni moja alirudi na faili kwapani na uso wa mtu aliyeshinda akibishana.

"Baba, nataka kumfufua Bimkubwa," alisema kabla hata ya kuvua viatu. "Asafishwe, apakwe rangi, awapeleke watalii mpaka darajani na kuwarudisha. Watalii hawaji huku kuona maghorofa. Maghorofa wanayo kwao."

"Na kutu hawana?"

"Usinichekeshe, nimechoka. Diwani mmoja ameniuliza mbele ya watu, tutafufuaje chuma wakati zahanati inavuja? Nimemwambia wageni ndio watakaoezeka hiyo zahanati. Lakini wanataka neno la mtaalamu. Na mtaalamu aliyebaki ni wewe."

Ndani ya kifua cha mzee furaha na hofu ziliingia kwa mlango mmoja. Alisema kwamba atakwenda kumtazama.

Alikwenda asubuhi tatu mfululizo. Alivaa ovaroli yake ya zamani, akachukua nyundo ndogo, akawa anagonga bati za boila moja baada ya nyingine, sikio limeinama kama la daktari. Bati nzima huita; iliyoliwa na kutu hutoa sauti ya mtungi wenye ufa. Alipanda chumba cha dereva, akafuta vumbi kwenye kioo cha kupimia maji, akashika sepetu ya makaa iliyokuwa bado imeegemea pale. Akairudisha haraka. Sepetu ile ilikuwa ya mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa mpiga makaa wa Bimkubwa. Alifia humo humo, kwenye mwinuko wa baada ya daraja, miaka thelathini na moja iliyopita. Mvuke ulifumuka ukamwunguza. Dereva aliyekuwa naye alitupwa nje, akazinduka hakumbuki kitu.

Jioni ya siku ya tatu, baba na binti walikuwa mezani wakinywa chai. Binti alikuwa ameandika maneno ya kibao kitakachosimamishwa mbele ya garimoshi, ili wageni wasome habari zake.

"Nisikilize, kisha uniambie kama kuna kosa," alisema, akasoma mwaka ambao reli ilijengwa, uzito wa garimoshi, idadi ya mabehewa. Halafu sauti ikapungua. "'Garimoshi hili lilipata ajali mbaya mlimani baada ya mpiga makaa kuzembea na kuacha maji ya boila yakauke. Mpiga makaa huyo alifariki papo hapo.' Najua ni baba mdogo. Jina sikuliweka. Lakini ripoti ndivyo inavyosema, na wageni wanapenda kusikia mambo kama haya."

Mzee aliweka kikombe mezani. "Futa."

"Baba, historia haifutwi."

"Hiyo si historia. Ni uongo, na aliyeulinda ni mimi."

Binti alimtazama bila kupepesa. Basi mzee akasema, macho yake yakiwa mezani, kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

Asubuhi ya ajali alikuwa ameona bomba moja la boila limepasuka ufa mwembamba kama unywele. Alimwambia mkuu wa karakana kwamba Bimkubwa apumzishwe siku mbili. Mkuu akamwambia abiria wamekwishajaa, na kama yeye anaogopa nywele, wapo mafundi wengine wanaotafuta kazi. Mke wa Fundi Spana alikuwa mjamzito. Fundi akachukua kalamu, akaandika kwamba injini inafaa kwa safari, akatia sahihi. Mdogo wake alipita akimpungia mkono, akapanda. Mlimani bomba lilipasuka.

"Kwenye uchunguzi wakasema alilala, maji yakaisha. Niliketi pale, kiti cha mbele. Nikasema nijuavyo mimi boila ilikuwa nzima. Maiti hana mdomo, mwanangu. Nikamtwisha."

"Mama mdogo anajua?"

"Angejua angenipikia?"

Binti alifunga faili. Hakulia, wala hakumgombeza. Alisema tu, "Huyo mtoto aliyekuwa tumboni ni mimi." Akaingia chumbani kwake.

Kesho yake mzee alikwenda kwa shemeji yake, na binti akafuatana naye bila kuombwa. Mjane yule alikuwa fundi cherehani, chumba chake cha mbele kimejaa vitambaa na sare za shule zisizo na vifungo. Alikuwa amewalea watoto wanne kwa cherehani ile, huku mtaani wakiimbiwa na wenzao kwamba baba yao aliua garimoshi kwa usingizi. Kijana wake mkubwa aliacha shule kwa ajili ya maneno hayo, akaenda mbali, na barua zake zikawa chache kila mwaka. Wakati wote huo Fundi Spana ndiye aliyekuja kumtengenezea mlango, kumkazia bomba, kumbebea gunia. Watu walisema shemeji wa namna ile hapatikani.

"Leo mmekuja wawili," mjane alisema akiwasogezea viti. "Kuna msiba au posa?"

Mzee hakukaa. Alisimama katikati ya chumba akasema yote, tangu ufa hadi sahihi, bila kumsingizia mkuu wa karakana zaidi ya alichofanya. Mjane alikuwa na sindano mdomoni. Aliitoa polepole, akaichomeka kwenye mto wa sindano, akaitazama.

"Nilikuuliza," alisema. "Siku ya arobaini nilikuuliza, shemeji, kweli alilala? Ukaniambia Mungu ndiye ajuaye."

"Nilisema hivyo."

"Kumbe mlikuwa mnajua wawili."

Mzee alianza kuomba msamaha. Mjane akainua mkono.

"Usinipe kazi nyingine. Miaka yote hii nilimkasirikia mume wangu. Usiku nilikuwa namwambia, ulishindwaje kukesha, ulikuwa na watoto. Nilimgombeza marehemu kwa kosa lako." Alimgeukia binti. "Hicho kibao kinaandikwa lini?"

"Mwezi ujao, mama mdogo."

"Basi andikeni alivyokufa. Na jina lake liwekwe, kamili."

Kwenye kikao cha halmashauri mambo hayakuwa mepesi. Fundi Spana aliwaambia waheshimiwa kwamba bati nne za boila zimeliwa, na moto ukiwashwa watakuwa wanapika mauti. Mwenyekiti alimwomba aseme angalau inafaa kwa mwendo mdogo, mpaka darajani tu, wageni wapige picha. Akasukumiwa karatasi. Mzee aliirudisha ilikotoka. "Nilishatia sahihi kama hii mara moja," alisema, akawaeleza.

Diwani yule wa zahanati akauliza ni mtalii gani atakayetoka mbali kuja kusoma habari za aibu ya mji. Mwingine akasema afadhali garimoshi liuzwe kwa mizani. Binti alisimama. Alisema kama wanataka kuhifadhi rangi bila ukweli, wamtafute afisa mwingine. Mikono ilipoinuliwa, alishinda kwa kura moja: Bimkubwa apakwe rangi, asimame pale pale, asiwashwe, na kibao kiandikwe ukweli ulivyo.

Siku ya kufunguliwa watu walijaa. Mjane alikuja peke yake, saa ambayo hotuba zilikuwa zimekwisha. Alisoma kibao kwa kidole, mstari kwa mstari, na alipofika kwenye jina la mumewe kidole kilisimama. Msichana mmoja mgeni aliyekuwa na kamera alimwomba asogee kidogo, anamzibia. Akasogea. Hakupanda ndani. Aliondoka kwa njia ya nyuma, ya kwenye magugu.

Mwaka wa kwanza wageni walikuja kwa mabasi. Mwaka wa pili walipungua. Walikuwa wamesikia kwamba mahali fulani kuna garimoshi linalokwenda kweli. Halmashauri ikauliza tena kama kazi yote ile ilikuwa na faida. Binti alirudi nyumbani akamwuliza baba yake nini cha kuwajibu.

"Kwa watalii, sijui," mzee alisema. "Wageni ni kama mvua, huwezi kuwaamrisha. Wewe waambie mwana mkubwa wa mdogo wangu alikuja."

Ni kweli alikuja, mtu mzima mwenye mvi, akasimama mbele ya kibao karibu saa nzima. Alilala kwa mama yake siku nne. Kwa baba yake mkubwa hakupita.

Fundi Spana alikuwa hapo siku hiyo, kama alivyokuwa hapo kila asubuhi, akipaka mafuta magurudumu ambayo hayaendi. Wageni wakimwuliza ni nani aliyetia ile sahihi, huwajibu kwamba ni yeye. Wengine humwomba picha. Hukataa kwa upole.

Mjane hukutana naye sokoni mara mojamoja, na hamnyimi salamu; hakulelewa hivyo. Lakini neno shemeji amelifungia. Siku hizi humwita Fundi, kama anavyomwita mtu yeyote aliyekuja kurekebisha kitu akaondoka, na mzee huitika.